Msiba wa Kabati

Shard End, Birmingham
Jumanne jioni

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Baada ya shikamoo nauliza magoti: yanakubali ngazi sasa, au bado unamtuma mtoto dukani? Na shemeji anaendeleaje na sukari yake? Usimwamini akikwambia chai anakunywa kavu; mimi nilimkuta jikoni safari ile na kijiko mkononi. Paa la chumba cha uani mmelitengeneza, au mvua zikija mnapanga ndoo kama mwaka jana?

Sisi huku wazima. Wifi yako Zainabu bado yuko zamu za usiku hospitalini. Mimi natoka kwenda kazini, yeye anaingia; tunaachiana chai kwenye chupa na maneno mawili mlangoni. Baridi imelegea kidogo lakini koti bado halijatundikwa.

Uliponipigia simu majuzi uliniuliza mbona sauti imeshuka, nikakwambia ni mafua. Hayakuwa mafua. Nilikuwa na msiba, na sikujua namna ya kukueleza kwenye simu, kwa sababu marehemu hakuwa ndugu, hakuwa rafiki, wala sikuwahi kumpa mkono. Sasa kwa kuwa Mama Nasra, jirani yetu wa huku ambaye kwao ni Ipuli, anakuja nyumbani na amekubali kubeba barua, nakueleza yote kwa mpangilio niliouzoea gazetini: nini kimetokea, kwa nani, wapi, halafu mengine.

Aliyekufa ni mchezaji wa mpira wa magongo. Si ule mliokuwa mkicheza shuleni kwenu kwenye nyasi. Huu unachezwa juu ya barafu, ndani ya jengo lenye baridi kuliko nje. Wachezaji wamevaa viatu vyenye makali ya chuma, wanateleza kwa kasi ya pikipiki, wanagombea kisahani cheusi cha mpira mgumu, na wakikosana wanapigana kwelikweli, mwamuzi anawatazama kwanza kabla ya kuwaachanisha. Mwenye kosa hufungiwa kwenye kizimba cha vioo mpaka adhabu yake iishe. Mimi niliyekaa miaka mingi kwenye benchi la waandishi mahakamani, nikingoja kesi zilizoahirishwa, nilipoona mtu anahukumiwa na kuanza kifungo papo hapo bila rufaa, niliupenda mchezo huo siku ya kwanza.

Aliyenipeleka ni Roy. Karakana yetu ya Hockley ni ndogo, tunachonga majina kwenye vikombe, medali na vibao vya shaba. Tuko watatu. Roy ndiye mchongaji. Mimi nasugua, nang'arisha na kufungasha. Wanjiru, Mkenya, anakaa mbele kupokea wateja. Roy anaishi Washwood Heath, amefiwa na mkewe, na kabla ya kuchonga alikuwa kwenye kiwanda cha magari mpaka kikafungwa. Ni mtu wa maneno machache. Majira ya baridi yangu ya kwanza aliniona nakula chakula cha mchana nikitazama ukuta, akasema, "Jumamosi huna kazi. Njoo uone barafu."

Roy ni timu ya nyumbani, na ukumbi mzima ni timu ya nyumbani. Sasa dada, mtu utashangilia vipi timu bila kuwa na mtani? Kwetu nusu ya raha ya kushinda ni kumpigia simu mtani asubuhi, umwulize kama amelala salama. Basi nikachagua wapinzani wao wakubwa, timu ya mji mmoja wa kaskazini ambako sijakanyaga mpaka leo. Nikanunua skafu yao ya njano. Roy aliitazama kama mtu aliyekuta nyoka bafuni.

"Utakaa upande huu na hiyo shingoni?"

"Nitakaa na nani mwingine?" nikamjibu.

Tangu siku hiyo tukawa na cha kuzungumza.

Timu ya Roy ilikuwa na beki anaitwa Gareth, siku za wiki fundi bomba, mpana, mzito, akigeuka unaweza kumaliza chai. Nikampachika jina Kabati. Roy akauliza maana yake, nikamwambia, akanuna kipindi kizima. Kipindi kilichofuata Kabati alimgonga mshambuliaji wetu akamlaza chali, na Roy akasimama akapaza sauti, "Kabati!" Kufikia mwisho wa msimu ule safu yetu yote, vikongwe na wajukuu wao, walikuwa wanaliita jina hilo bila kujua limetoka wapi. Mwenyewe akalisikia. Kila alipopita kona yetu aliitafuta skafu ya njano kwa macho, akagonga kioo kinachotutenga na barafu kwa gongo lake mara mbili. Mimi nilimjibu kwa kumwonyesha mtu anayesukuma fanicha nzito. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote, misimu mitatu.

Alikufa usingizini, nyumbani kwake. Moyo ulisimama. Ilikuwa siku chache kabla ya mechi za mtoano, zile ambazo ukishindwa unaweka viatu mpaka msimu ujao, na ratiba ilikuwa imeshazikutanisha timu yao na yangu. Mimi nimeandika vifo vingi, dada, unajua. Ajali, mafuriko, watu walionyongana kwa sababu ya mpaka wa shamba. Habari ya Kabati niliisoma kwenye simu ndani ya basi. Ilikuwa fupi na imeandikwa vizuri. Nikaisoma tena nikitafuta kosa. Halikuwapo. Nikashuka kituo kisicho changu.

Huku msiba hauna turubai. Hakuna mkeka uani, hakuna mahali pa kwenda kukaa kimya na wenzako wakati maji ya chai yanachemka. Watu waliweka maua kwenye mlango wa ukumbi, wakasimama kidogo, wakarudi kwenye magari yao. Nami niliweka. Kisha nikasimama pale nikingoja mtu wa kuniambia nikae wapi.

Sasa nafika nilipokosea.

Unaukumbuka msiba wa baba. Unamkumbuka Mzee Pazi, Mzaramo wa reli, alivyokuja kama mtani wetu sisi Wanyamwezi: kofia ya baba kichwani, miwani ya baba puani, anavuta mguu kama baba, akamwuliza mama kwa sauti ya baba mbona chai imechelewa. Mama hakuwa ametamka neno tangu kifo kitokee. Alicheka mpaka akalia, na baada ya hapo akaweza kula. Na kule makaburini Pazi akashuka kaburini akalala, akasema nyumba hiyo ameshaipanga yeye, hatoki mpaka alipwe. Jeneza likasubiri juu, watu wamelishika, mvua inanyesha, mpaka baba mdogo alipomletea jogoo.

Kwa Kabati, mtani alikuwa mimi. Nilipiga hesabu hiyo kwa makini na sikuona mwingine. Katika ukumbi ule wote mwenye skafu ya njano aliyekuwa akigongewa kioo na marehemu ni mimi peke yangu. Nikaona ni wajibu.

Jumatatu asubuhi Roy alikuwa kwenye benchi lake. Mbele yake palikuwa na kibao cha shaba kitupu. Klabu ilikuwa imemletea achonge jina la marehemu, kitundikwe nje ya chumba cha wachezaji. Alikuwa anakitazama tu. Nikaingia stoo, nikajifunga sifongo za kufungashia vikombe mabegani, nikachukua ufagio, nikavua viatu. Nikatoka nikiteleza kwa soksi sakafuni, taratibu, nikageuka vile alivyokuwa akigeuka, kiuno kwanza, kichwa baadaye, nikagonga dirisha mara mbili kwa mpini wa ufagio. Nilimwiga vizuri. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli. Misimu mitatu nilikuwa namtazama.

Roy aliweka chini kalamu yake ya chuma, akachukua koti, akatoka. Hakubamiza mlango. Afadhali angebamiza.

Wanjiru alikuwa amesimama mlangoni kwake.

"Mzee Hamisi, hiyo ni nini umefanya?"

"Ni utani. Kwetu mtani ndiye anayefanya hivyo msibani."

"Aki, kwetu ukifanya hivyo kwa matanga watakuzika na yeye."

"Kwenu hamna watani?"

"Tuko na wajomba. Hao wanatosha." Akaanza kunifungua sifongo mgongoni. "Akirudi umwambie sorry."

"Nikimwomba radhi nitakuwa nimekubali kwamba nilimdhihaki marehemu."

"Na si ulimdhihaki?"

"Nilikuwa nalia, Wanjiru."

"Basi lia kama watu wengine, mzee."

Roy alirudi kesho yake. Alifanya kazi kama kawaida, ila mchana alikula ndani ya gari lake. Alichonga vikombe vya shule, medali za mbio, kola za mbwa. Kile kibao hakukigusa. Kilikaa pembeni ya taa, nami nilikuwa nafuta vumbi kukizunguka.

Usidhani niliogopa kufukuzwa kazi. Niliogopa kwamba nimempoteza mtu pekee wa mji huu ambaye akiniona ananitukana. Wengine wote wana adabu na mimi. Wananishikia mlango. Nikiwakanyaga wananiomba samahani wao. Adabu ni kitu kizuri, lakini huwezi kukaa nayo ukala chakula. Nikaanza kufikiria jambo ambalo hata Zainabu sikumwambia: nikifia huku, atashuka nani kaburini kwangu? Msikitini wataniswalia, Mungu awabariki, na watanizika kwa utaratibu mzuri. Nitaingia moja kwa moja, bila mtu hata mmoja wa kunichelewesha.

Mechi ya kwanza ya mtoano ilichezwa kaskazini. Tuliwafunga kwa tofauti ya mabao mawili. Niliitazama kwenye simu, jikoni. Mwaka jana tulipowafunga niliingia karakana nikiimba, Roy akanirushia kitambaa. Safari hii niliingia nikasema habari za asubuhi. Roy akasema nzuri.

Mechi ya marudiano ilikuwa juzi Jumapili, huku kwa akina Roy. Zainabu alinikuta mlangoni na skafu mkononi.

"Utavaa hiyo?"

"Mtani haji msibani na nguo za wafiwa."

"Na wakikupiga?"

"Watafungiwa kizimbani."

Hakucheka, alikuwa amechoka. Lakini alinifunga skafu mwenyewe, akaingiza ncha ndani ya koti.

Kiti cha Roy kilikuwa kitupu. Jezi ya Kabati ilikuwa imetandazwa kwenye benchi la timu yake, mahali alipozoea kukaa. Tukasimama kimya kwa muda, ukumbi wote, ukasikia mashine za baridi zinavyonguruma chini ya barafu. Mwanamke wa safu ya mbele aliiona skafu yangu, akatazama pembeni. Upande wa pili watoto walikuwa wametundika shuka lililoandikwa kwa rangi: KABATI. Neno letu la kitu cha kuwekea vyombo, dada, limening'inia juu ya barafu ya Waingereza, watu wanalifutia machozi, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba lilianza kama tusi.

Roy alikuja mchezo umeshaanza. Akapita magoti ya watu, akakaa kwenye kiti chake, mikono mfukoni. Hakunisalimu. Kipindi cha kwanza kikaisha, timu yake inaongoza kwa bao moja, na gari la kulainisha barafu likaingia.

"Wanjiru anasema ni desturi," alisema, macho kwenye lile gari.

"Ni desturi."

"Kumwiga mtu aliyekufa."

"Si kila mtu anaruhusiwa. Ni mtani tu. Adui uliyemchagua mwenyewe."

Nikamweleza habari za Mzee Pazi: kofia, miwani, chai ya mama, halafu kaburi.

"Alilala ndani?"

"Chali. Mikono kifuani."

"Na ninyi mmesimama."

"Na mvua inanyesha."

"Alitokaje?"

"Alipewa kuku."

Roy alilifikiria hilo.

"Amepikwa?"

"Hai. Jogoo."

"Ninyi watu," Roy akasema, na wachezaji wakarudi uwanjani.

Timu yake ilishinda kwa lile bao moja, na halikutosha. Kwa jumla ya mechi mbili tukawa tumewatoa sisi. Wachezaji wangu wa kaskazini walizunguka uwanja kupeana mikono na wenyeji, na beki wa mwisho wa timu ya nyumbani alipofika kona yetu aligonga kioo kwa gongo lake mara mbili. Hakumtazama mtu yeyote. Mkono wangu ukaanza kuinuka kusukuma fanicha. Nikaurudisha mfukoni.

Basi nilikuwa nimeshinda, na hakuna wa kumcheka. Roy alikunja skafu yake akaitia kwenye koti.

"Kesho," alisema, kama mtu anayetaja siku tu, akaenda kwenye gari lake. Nami nikapanda basi. Zainabu alikuwa ameshaondoka. Kwenye chupa kulikuwa na chai.

Jana asubuhi nilikuta mfuko kwenye benchi langu, mfuko wa bucha la mtaani kwao Washwood Heath. Ndani kulikuwa na kuku mzima, amechinjwa na kunyonyolewa. Roy alikuwa amenipa mgongo.

"Ni halali," alisema. "Niliuliza."

"Roy."

"Aliye hai hawana. Mwenye bucha akataka kujua ni wa kuchoma au wa mchuzi. Nikamwambia ni wa kumtoa mtu kaburini."

"Akasemaje?"

"Akauliza anikatie vipande vingapi."

Wanjiru, kule mbele, alifunika mdomo kwa mkono.

"Haya, umelipwa," Roy akasema. "Toka humo. Nina kazi."

Akaivuta taa, akakisogeza kile kibao cha shaba, akaanza kuchonga. Wino wa mchoro alikuwa ameshauweka. Nadhani alikuja mapema. Nilikaa na kuku mapajani nikisikiliza chuma kikila shaba, herufi baada ya herufi, mpaka akapuliza vumbi la mwisho. Ndipo nikamwambia kwamba nimeshamwona kijana watakayempa nafasi ya Kabati, na kwamba huyo ni friji. Hakugeuka.

"Kasugue vikombe," alisema.

Zainabu alimpika yule kuku jana hiyo hiyo kabla ya zamu, kwa karanga, kama unavyopika wewe, ila karanga za hapa hazina harufu. Tulikula pamoja mezani. Nikamweleza habari yote, akaniuliza swali moja tu, kama Roy ana mtu wa kumpikia. Nikasema sijui. Akajaza bakuli nililompelekea leo, akaliwekea kifuniko. Kisha alivaa koti akaondoka, na nyumba ikarudi kuwa ya saa ya ukutani.

Timu yangu inacheza nusu fainali Jumamosi. Roy haji, yake imeshatoka. Nitatazama kwenye simu jikoni, na ikifunga nitakaa kimya nisimwamshe jirani. Msimu mwingine uko mbali, baada ya kiangazi chote. Jana mchana Roy bado alikula garini, leo amekuja kukaa benchini kwangu. Simwulizi.

Nisalimie shemeji, umwambie kijiko nimekiona hata kutoka huku. Msalimie mama mdogo Siwema, anayetuombea. Mwambie kwamba Zainabu aliipata khanga, na anaivaa akiwa amelala mchana. Kitinda mimba wako nasikia ameanza kuandika kwenye gazeti la ukutani la shule. Mwambie aandike jina la mtu kwa usahihi kwanza, maneno mazuri yatafuata. Fundi cherehani wa barazani kwenu naye mpe salamu, kama bado ana ile redio.

Na usisahau kupita kwa Ramadhani, mtoto wa marehemu Mzee Pazi, mtani wetu. Mwambie kazi ya baba yake naiheshimu kuliko zamani, kwa kuwa nimeijaribu. Mwambie pia asihangaike kutafuta nauli likinitokea la kutokea nikiwa bado huku. Yupo Mwingereza mmoja anayejua bei.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Hamisi